Duka la Mtandaoni Ni Mali ya Nani?

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo linalowagusa wafanyabiashara wengi wadogo wa Tanzania na wa nchi jirani, nalo ni uchaguzi wa vyombo vya kuchapishia habari za biashara kwenye intaneti, pamoja na namna ya kuitangaza biashara hiyo hadi mteja atoe fedha mfukoni. Swali litakaloulizwa mara kwa mara ni moja: kati ya vitu vyote ambavyo mfanyabiashara huviita vyake mtandaoni, yaani ukurasa, wafuasi, picha, jina na namba za wateja, ni vipi vilivyo mali yake kweli, na ni vipi alivyopangishwa tu?

Mtu yeyote aliyewahi kupanga fremu ya duka anaijua tofauti iliyopo kati ya kupanga na kumiliki. Mpangaji anaweza kupaka rangi, kutundika bango na kujaza bidhaa hadi darini, lakini mwenye nyumba akiamua kuuza jengo, au kupandisha kodi, au kumpa fremu mtu mwingine, mpangaji hana la kufanya ila kufungasha. Ukurasa wa Facebook, akaunti ya Instagram, akaunti ya TikTok na hata katalogi nzuri ya WhatsApp ni fremu za kupanga, na kwa kuwa hazidai kilemba wala kodi ya miezi sita kwa mkupuo, anayezitumia husahau upesi kwamba yeye ni mpangaji. Kupanga hakuna ubaya, na wengi waliotajirika Kariakoo walianza kwa kupanga. Hatari huja pale mtu anapopanga huku akiamini kwamba anamiliki, na kwa imani hiyo asijiwekee chochote pembeni.

Kabla ya kwenda mbali, inafaa maneno machache yafafanuliwe. Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa zinazomhusu mtu, taasisi au biashara, zilizohifadhiwa katika kompyuta inayounganishwa na intaneti saa zote, na kompyuta hiyo huitwa seva. Nafasi ndani ya seva hukodishwa kwa mwezi au kwa mwaka. Jina la kikoa, ambalo mafundi wengi huliita domeni, ni ile anwani ambayo mteja huiandika ili aifikie tovuti, na kwa biashara za Tanzania jina hilo mara nyingi huishia na .co.tz, ilhali kwa Kenya huishia na .co.ke. Majina hayo husajiliwa kupitia kampuni zilizoidhinishwa, ambazo huitwa wasajili, na usajili hulazimika kuhuishwa muda uliolipiwa unapokwisha. La kushika hapa, wasikilizaji, ni kwamba jina la kikoa na seva ni vitu viwili tofauti: aliye na jina anaweza kuihamisha tovuti yake kutoka seva ya Dar es Salaam kwenda ya Nairobi au ya Frankfurt bila mteja kutambua kwamba kuna kilichohama, lakini aliyepoteza jina amepoteza njia ya wateja, hata kama kurasa zake zote ziko salama.

Uhuru huo wa kuhama una chanzo chake. Wavuti, yaani mfumo wa kurasa zinazounganishwa kwa viungo, ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyewasilisha pendekezo lake mwaka 1989 akiwa mfanyakazi wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba programu za wavuti zinaachiwa umma uzitumie bila malipo. Ni kwa sababu ya uamuzi huo kwamba fundi seremala wa Keko anaweza kufungua tovuti yake leo pasipo kuomba ruhusa kwa kampuni inayomiliki wavuti, kwa kuwa kampuni ya namna hiyo haipo.

Je, ina maana kwamba mitandao ya kijamii iachwe? Hasha. Kwa biashara nyingi za Afrika Mashariki, wateja wapo huko, wanaingia huko kwa simu, mara nyingi kwa bando dogo la siku, na wengi wao hawataandika anwani ya tovuti hata siku moja maishani mwao. WhatsApp ilipotoa programu yake ya biashara mwezi Januari 2018, muuzaji mdogo alipata kwa mara ya kwanza, bila kulipa, mahali pa kuonyesha saa za kazi na kuandaa majibu ya haraka ndani ya chombo ambacho mteja wake anakitumia kusalimiana na shangazi yake. Kudharau jambo hilo kwa hoja kwamba biashara ya heshima lazima iwe na tovuti ni kutowajua wateja. Anayeuza maandazi na chapati kwa oda katika mtaa mmoja wa Tabata hahitaji tovuti. Anahitaji namba inayopokelewa na picha zinazoonyesha chapati kama ilivyo.

Hata hivyo, kuwa mahali wateja walipo hakutoshi, maana namna ya kuuza ndani ya mitandao hiyo ina kasoro zake za kienyeji, na moja inastahili kutazamwa kwa karibu. Uchukuliwe mfano wa duka la vitenge katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Asubuhi picha ya kitenge kipya inatundikwa Instagram, na chini yake yanaandikwa maneno haya: "Mzigo mpya umeingia wapendwa, bei inboksi." Mteja aliyeko Mbeya anaiona picha saa mbili asubuhi, anauliza bei, saa nane mchana anajibiwa "njoo inboksi mpenzi", anaingia inboksi na kuuliza upya, na jibu linafika usiku. Kufikia hapo amekwisha kununua kwa muuzaji mwingine, aliyeandika chini ya picha yake bei ya yadi sita, rangi zilizobaki, Lipa Namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, yenye jina la duka, na maelezo kwamba mzigo wa mkoani hupelekwa kwa basi la usiku, kisha mteja hutumiwa picha ya risiti ya mzigo pamoja na namba ya gari.

Mazungumzo haya hayana huruma na tabia ya bei inboksi. Wanaoitetea husema kwamba bei hufichwa ili washindani wasiione, kana kwamba mshindani hana simu ya kuuliza kama mteja mwingine. Wengine husema kwamba mteja akiingia inboksi ni rahisi kumbembeleza, na katika hilo kuna chembe ya ukweli, kwani biashara ya mapatano ni utamaduni wa soko. Lakini anayesoma mtandaoni hayuko mbele ya meza, hawezi kugusa kitambaa wala kuusoma uso wa muuzaji, na kila swali analolazimika kuliuliza mara mbili linamwongezea shaka. Katika nchi ambako karibu kila familia ina mtu aliyewahi kutuma fedha kwa tapeli wa mtandaoni na asipate mzigo, bei iliyoandikwa wazi, jina la biashara linalolingana na jina linalotokea wakati wa kulipa, na mahali duka lilipo hadi jina la jengo, ni matangazo yenye nguvu kuliko maua na nyota zinazopamba picha. Je, kuna ugumu gani kuandika bei?

Sasa mazungumzo yarejee kwenye suala la mpangaji na mwenye nyumba, kwa kuwa historia ya karibuni imetoa mafunzo ambayo wafanyabiashara wengi wameyasahau. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp, ambazo zote ni za kampuni moja, zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi, kutokana na kosa la kiufundi lililotokea ndani ya mitambo ya kampuni hiyo. Muuzaji aliyekuwa na namba za wateja wake kwenye daftari aliendelea kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi, lakini yule ambaye oda zote zilikuwa ndani ya WhatsApp alikaa akitazama kioo cha simu. Nchini Uganda jambo lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu mwezi Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ilifunga mitandao ya kijamii, na mitandao mingine ilipofunguliwa baadaye, Facebook ilibaki imefungwa. Wafanyabiashara wa Kampala waliokuwa wamejenga soko lao kwa miaka mingi juu ya ukurasa wa Facebook walijikuta wakiwaomba wateja watumie programu za kuzunguka kizuizi ili waone picha ya viatu. Hakuna kosa lolote la kibiashara walilokuwa wamelifanya.

Hata mwenye nyumba mpole hubadili mawazo. Kampuni ya Google iliwahi kuwapa wafanyabiashara wadogo nafasi ya kutengeneza tovuti ya bure kutokana na wasifu wao wa biashara, ule unaoonekana kwenye ramani, na wengi waliipokea kwa furaha kwa kuwa haikuhitaji ujuzi wowote. Mwezi Machi 2024 Google ilizizima tovuti hizo zote. Wasifu wenyewe ulibaki, na unafaa sana kufunguliwa na kila mwenye duka, kwa sababu hauna gharama na humwezesha mteja kufika mlangoni kwa kufuata ramani. Lakini aliyekuwa amechapisha anwani ya tovuti ile kwenye kadi, kwenye mifuko na ubavuni mwa gari alilazimika kuanza upya. Masoko makubwa ya mtandaoni nayo hayana ahadi ya milele. Jumia, iliyokuwa ikiwauzia bidhaa wafanyabiashara wengi, ilifunga shughuli zake nchini Tanzania mwezi Novemba 2019, na aliyeitegemea peke yake alipoteza wateja aliowahudumia bila hata kuzijua namba zao.

Kwa hiyo swali linarudi: ni vipi vilivyo mali ya mfanyabiashara? Ni jina lake la kikoa, maandishi na picha zake ambazo nakala yake anayo mwenyewe, na orodha ya wateja wake. Vingine vyote vinaweza kupangwa bila wasiwasi, madhali hivyo vitatu viko mkononi.

Biashara inapofikia hatua ya kuhitaji tovuti, uchaguzi wa chombo cha kuijengea huwa na njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni programu huria, yaani programu ambayo leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza. Mashuhuri kuliko zote ni WordPress, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Mmarekani Matt Mullenweg na Mwingereza Mike Little kutokana na programu ya awali iliyokuwa imeachwa bila kuendelezwa, na ambayo leo inaendesha zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani. Zipo pia Drupal, ya mwaka 2001, inayopendwa na taasisi kubwa, na Joomla, ya mwaka 2005, ambayo jina lake, kwa taarifa ya wasikilizaji, lilitokana na neno la Kiswahili "jumla". Njia ya pili ni huduma za kulipia kwa mwezi, kama vile Wix, Squarespace au Shopify, ambazo humpa mteja seva, mapambo na vifaa vya kuuzia katika kifurushi kimoja, naye hujenga tovuti kwa kuburuta picha na maandishi hadi mahali anapotaka.

Ni ipi bora? Jibu la haki hutegemea nani atakayeitunza tovuti siku ya mia mbili, wala si nani atakayeijenga siku ya kwanza. WordPress ni ya bure, lakini inahitaji mtu wa kuihuisha kila toleo jipya linapotoka, pamoja na programujalizi zake, yaani vile vipande vidogo vinavyoongezwa ili tovuti iweze kupokea oda, kuonyesha ramani au kutuma fomu. Tovuti nyingi za WordPress zinazoingiliwa na wahalifu huingiliwa kupitia programujalizi iliyosahauliwa bila kuhuishwa. Huduma za kulipia kwa mwezi humwondolea mwenye biashara mzigo huo, ila ada yake hutozwa kwa dola, na shilingi ikiteleza ada hupanda bila kutangazwa. Tena kuhama kutoka humo ni kazi kubwa, kwa kuwa mpangilio wa tovuti haubebeki. Lipo pia jambo linalowachanganya wengi, nalo ni kwamba kuna WordPress ya kupakua na kuiweka kwenye seva yoyote, na kuna huduma ya kulipia yenye jina hilohilo ambayo huihifadhi tovuti kwenye seva zake yenyewe. Fundi anapoitaja WordPress, ni halali kwa mteja wake kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili.

Swali la malipo liulizwe mapema kuliko swali la rangi. Mteja wa Tanzania atalipa kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa, na wengi watataka kulipa baada ya kuuona mzigo, ilhali huduma nyingi za kigeni zilibuniwa kwa ajili ya watu wenye kadi za benki. Huduma ya malipo ya Shopify yenyewe, kwa mfano, haikufunguliwa kwa wauzaji wa Tanzania wala wa Kenya, hivyo muuzaji hulazimika kuunganisha kampuni nyingine ya malipo na kukubali makato yake. Kwa duka dogo, ukurasa mmoja wenye bei, picha, Lipa Namba na kiungo cha kufungua WhatsApp moja kwa moja unaweza kuuza zaidi ya duka kamili lenye kikapu cha kielektroniki ambacho hakuna anayekimaliza.

Mawili mengine yapitiwe haraka. Anwani ya tovuti ianze na https, maana tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huiwekea tovuti isiyo na ulinzi huo onyo la kwamba si salama, na cheti chake hupatikana bure kupitia Let's Encrypt, kwa hiyo fundi anayekitoza bei kubwa aombwe maelezo. Picha nazo zipunguzwe ukubwa kabla ya kupandishwa, kwa sababu picha kumi zilizotoka kwenye simu bila kupunguzwa zinaweza kumaliza bando la mteja kabla hajaona bei ya bidhaa ya kwanza.

Tovuti huonyesha thamani yake pale ambapo mteja yuko mbali na anatafuta bila kumjua muuzaji. Mfano ulio wazi ni utalii wa kaskazini na wa Zanzibar. Mtalii wa Hamburg au Chicago haioni hali ya WhatsApp ya kampuni ndogo ya Arusha. Yeye huandika swali lake Google, na Google humletea kurasa ambazo programu zake zimekwisha kuzipitia na kuzipanga kwa kadiri zinavyolijibu swali hilo na zinavyotajwa na kurasa nyingine. Basi swali la mtalii ni lipi? Mara nyingi hataki kujua kama kampuni ni bora kuliko zote Tanzania, maneno ambayo yamejaa kwenye kila tovuti ya Arusha. Anataka kujua nyumbu huvuka mto Mara mwezi gani, kama mtoto wa miaka sita anaweza kukaa ndani ya gari siku nzima, na kama mvua za Aprili zitamharibia safari. Kampuni inayoandika ukurasa mmoja mzuri kwamba nyumbu huzaa katika nyanda za Ndutu kati ya Januari na Machi, kwamba uvukaji wa mto Mara huonekana zaidi kuanzia Julai hadi Septemba au Oktoba, na kwamba hakuna mwongozaji mwaminifu anayeweza kuahidi siku ya kuvuka, imejitangaza kwa namna ambayo bango la kulipia haliwezi kuifikia. Ikiongeza hapo leseni yake ya TALA, yaani leseni ya biashara ya utalii, na picha za magari yake yenyewe, badala ya picha za simba zilizookotwa mtandaoni, imekwisha kujitofautisha na matapeli.

Ukurasa wa namna hiyo unahitaji kutunzwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kununua bima ya safari kutoka Shirika la Bima la Zanzibar, na nyumba ya wageni ya Jambiani au Nungwi iliyoliandika jambo hilo mapema kwenye tovuti yake, kwa Kiingereza chepesi na kwa lugha ya wageni wake wa kawaida, iliwapokea wageni waliojiandaa. Nyumba iliyoacha ukurasa wake wa miaka mitano iliyopita iliwapokea wageni wenye hasira, na hasira hizo huandikwa kwenye maoni ambayo wageni wa baadaye wanayasoma.

Kwa mteja wa ndani nako kuna la kuongeza. Biashara nyingi huweka maelezo yake yote, yaani bei, simu na mahali, ndani ya posta moja ya rangi iliyotengenezwa na msanifu, kisha zikashangaa kwamba hazionekani kwenye utafutaji. Maneno yaliyochorwa ndani ya picha hayatambuliki kwa urahisi kama maandishi ya kawaida, na si rahisi hata kwa mteja kunakili namba ya simu. Posta ibaki, lakini maelezo yaandikwe pia kwa herufi, na kwa lugha ambayo mteja huitumia anapotafuta: anayehitaji fundi wa friji huandika "fundi friji Sinza", hatafuti mtoa suluhisho za ubaridi.

Je, matangazo ya kulipia yana faida? Yana faida yakilipiwa kwa akili. Kubusti, kama wafanyabiashara wanavyoliita tendo la kulipia chapisho lionekane na watu wengi zaidi, siku hizi kumerahisishwa na kadi za Visa za mtandaoni zinazofunguliwa ndani ya M-Pesa, kiasi kwamba mtu asiye na akaunti ya benki anaweza kutangaza. Urahisi huo ndio unaowapoteza wengi, maana kitufe hubonyezwa bila kuchagua eneo, na fundi cherehani wa Mwanza hujikuta akilipia tangazo lake lionekane Mtwara, kwa watu watakaopenda picha na kuendelea na safari zao. Mioyo myekundu haijalipa kodi ya fremu ya mtu yeyote. Kipimo kinachofaa hakihitaji programu: kila mteja mpya aulizwe "umetupataje?", jibu liandikwe kwenye daftari kando ya mauzo ya siku, na mwisho wa mwezi ihesabiwe ni wateja wangapi walitokana na tangazo, wangapi walielekezwa na rafiki na wangapi walipita njiani wakaona bango. Kuhusu wafuasi wa kununua, maelfu kwa bei ya chakula cha mchana, inatosha kusema kwamba hawali, hawavai na hawanunui.

Daftari hilo lina kazi nyingine kubwa zaidi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika biashara ya mtandaoni mali ya kwanza ya kuandikwa ni wateja. Wasikilizaji wameona jinsi wauzaji wanavyosisitiza, "Hifadhi namba yetu ndipo uone bidhaa zetu," na sababu yake ni ya kiufundi: ujumbe wa WhatsApp unaotumwa kwa orodha ya matangazo humfikia tu mtu aliyeihifadhi namba ya mtumaji, na orodha moja haizidi watu 256. Simu ikiibwa au akaunti ikitekwa, orodha hiyo huenda nayo, isipokuwa iwe imenakiliwa mahali pengine, kwenye daftari la karatasi au kwenye jedwali lililohifadhiwa nje ya simu. Uthibitishaji wa hatua mbili, yaani ile namba ya siri ya ziada ambayo WhatsApp huiomba, uwashwe pia, kwa kuwa ndio kizuizi dhidi ya mwizi anayemlaghai muuzaji amtajie tarakimu zilizoingia kwa ujumbe mfupi.

Pamoja na kuandika, ipo heshima ya kuomba. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ilikuwa imetunga yake mwaka 2019. Kwa lugha nyepesi, sheria hizi hutaka taarifa za mtu, zikiwemo jina na namba yake ya simu, zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zisigeuziwe kusudi jingine bila ridhaa yake. Mteja aliyetoa namba ili apelekewe mzigo hakuitoa ili apokee matangazo ya viwanja kila Jumapili, na orodha za namba zinazouzwa mitaani hazina uhalali wowote.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalowaumiza wengi waliokwisha kuingia gharama ya tovuti. Mara nyingi fundi hukabidhiwa kazi yote, naye, kwa kurahisisha mambo au kwa kujiwekea dhamana, hulisajili jina la kikoa kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake mwenyewe. Mwaka wa kwanza hakuna shida. Mwaka wa pili fundi amepata kazi Dubai, au amebadili namba, ujumbe wa kukumbusha malipo unaingia kwenye barua pepe isiyofunguliwa na mtu, jina linakwisha muda, na asubuhi moja wateja wanakuta ukurasa mtupu. Mwenye biashara anakwenda kwa msajili akiwa na leseni ya biashara na risiti za miaka miwili, na msajili anamwambia kwa upole kwamba kwenye kumbukumbu zao mwenye jina ni mtu mwingine.

Kwa hiyo kila msikilizaji mwenye tovuti aulize leo, kabla ya kufunga duka, jina la kikoa cha biashara yake limesajiliwa kwa jina la nani, kwa barua pepe ya nani, na linakwisha tarehe ngapi. Kama jina lililoandikwa ni la fundi, aombe lihamishwe sasa, wakati fundi bado anapokea simu.